Maji ya chumvi ya tangi hayaharibiki kwa kulala

Wafugaji wengi wa matumbawe nyumbani huamini kwamba maji ya chumvi yakishachanganywa lazima yatumike siku hiyohiyo, yakilala yameharibika. Kwa mtu wa Mbeya, aliye zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, imani hii inamwagisha bure chumvi ya gharama. Inaniuma.

Kinachooza ni mabaki ya viumbe: chakula, kinyesi, mwani uliokufa. Maji mapya, yaliyochanganywa kwa maji yaliyochujwa vizuri, karibu hayana vitu hivyo. Kwenye pipa safi lenye mfuniko, mbali na jua, hukaa wiki kadhaa. Ila chumvi nyingine zina viambato vya ziada. Hizo zifuatwe maelezo ya mfuko.

Kinachobadilika ni ukali. Pipa likiwa wazi maji huwa mvuke, chumvi hubaki. Pima kabla ya kutumia: lenga gramu 35 hivi katika kila kilo ya maji hayo. Zikizidi, ongeza maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi.

Mbeya cha kuogopa zaidi ni baridi ya Juni na Julai. Washa pampu na hita siku moja kabla, maji yafike nyuzi 25 ndipo yaingie tangini.