Kujifungua bila kufunguka: uchungu katika mashairi ya uzazi

Kiswahili husema mwanamke amejifungua. Nimefundisha ushairi kwa miaka mingi, na kitenzi hiki bado hunisimamisha. Mtu alikuwa amefungwa, sasa yuko huru, na aliyelegeza fundo ni yeye mwenyewe. Mtoto hatajwi kabisa. Mashairi ya uzazi ninayoyapenda hukibishia kitenzi hiki: fundo halikufunguka, na waliokuwa wakilivuta walikuwa wawili.

Chukua "Catrin" la Gillian Clarke, mshairi wa Wales, lililotoka katika diwani yake ya 1978. Mama amesimama dirishani, katika chumba cheupe chenye joto, akitazama watu na magari yakipokezana njia kwenye taa za barabarani. Anamwambia bintiye kwamba anamkumbuka, na anachokumbuka ni vita vyao vya kwanza, wakigombea kamba nyekundu ya mapenzi iliyokazwa kweli kweli. Wengi hapo huwaza kitovu, na hawakosei. Lakini kitovu hukatwa siku ile ile. Kamba hii haikatwi.

Kinachonigusa zaidi ni nafsi aliyoitumia. Mama hasemi "nilitaka". Anasema tulitaka, tulipiga kelele, tuwe wawili, kila mmoja awe yeye. Mtoto ambaye hajui hata neno moja amepewa nusu ya sauti. Wote wawili wanapigania jambo lile lile, nalo ni kutengana, kwa hiyo ndani ya ugomvi wao tayari mna mapatano. Kiswahili kina kiambishi kinachobeba hali hii yote: kugombana, kuachana, kupendana. Hakuna awezaye kuyatenda hayo peke yake.

Kisha miaka inapita ndani ya shairi. Binti sasa amesimama mbele ya mama, nywele ndefu zilizonyooka, macho ya ukaidi, anaomba aruhusiwe kucheza mchezo wa kuteleza gizani kwa saa moja zaidi. Ombi dogo kiasi hicho! Na kamba ile ya zamani inapanda kutoka moyoni na kumkaza mama upya. Wanafunzi huniuliza kwa nini shairi zito namna hii liishie kwenye mchezo wa mtoto. Mimi naona hapo ndipo lilipoiva. Chumba cheupe kimegeuka giza la nje, na mama yuko pale pale alipokuwa siku ya kwanza: aachie, au ashike?

Methali yetu inasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Neno hilo moja, uchungu, limebeba maumivu ya kuzaa na mapenzi makali kwa mtoto, na sijui neno linaloyafaa mashairi haya kulishinda. Ila methali inampa mzazi uchungu wote. William Blake, mshairi wa Uingereza, katika shairi fupi la 1794, "Infant Sorrow", alimpa mtoto fungu lake. Mama anagumia, baba analia, na mtoto mwenyewe ndiye anayesimulia: ameruka kuingia katika dunia ya hatari, uchi, akipiga mayowe. Anapambana na mikono ya baba, anapambana na nguo alizoviringishiwa. Akichoka, anaona heri anune kifuani mwa mama. Anune! Hatumnunii mtu tusiyemtarajia kitu. Anayenuna anangoja kubembelezwa, na amechagua kununia pale pale penye maziwa.

Sylvia Plath, mshairi wa Marekani, alitunga shairi lake la alfajiri, "Morning Song", Februari 1961, mwanawe wa kwanza akiwa na miezi 10 hivi. Humo mama anamwambia mtoto kwamba yeye si mama yake kuliko wingu lilivyo mama wa dimbwi linaloliakisi likifutwa polepole na upepo. Ni maneno makavu, na sipendi wasomaji wanaokimbilia kuyalainisha, kwa sababu hofu iliyomo ni ya kweli: aliyezaliwa ni kioo ambamo mzazi anajiona akitoweka. Usiku kucha anasikiliza pumzi za mtoto. Kilio kimoja tu, na yule aliyejikana anatoka kitandani akipepesuka, mzito kama ng'ombe, ndani ya gauni la kulalia la kizamani. Kinywa cha mtoto kinafunguka, safi kama cha paka.