Tarakimu za kikokotoo si zako zote

Tukifanya jaribio la pendulamu, madaftari mengi ninayosahihisha huwa na jibu la namna hii: g, yaani mchapuko utokanao na mvutano wa dunia, = 9.78933188. Hesabu yenyewe haina kasoro. Fomula ni sahihi, namba zimeingizwa mahali pake, kizio kimeandikwa. Hata hivyo alama zote sitoi, na mwenye daftari huja mezani: "Mwalimu, nimekosea wapi? Si kikokotoo ndicho kilichosema?"

Huwa namrudisha kwenye vipimo alivyochukua kwa mkono wake. Urefu wa pendulamu, kwa rula, ni sentimita 50.0. Muda wa mibembeo 20, kwa stopwochi, ni sekunde 28.4. Kila kipimo kina tarakimu tatu. Mbembeo mmoja basi ni sekunde 1.42, na ukiiweka kwenye fomula g = 4π²L/T² (L ni urefu, T ni muda wa mbembeo mmoja) unapata ule mlolongo wa tarakimu tisa. Sita za mwisho nani alizipima? Pale mezani hapakuwa na chombo chenye uwezo huo. Zimetokana na kugawanya tu, na kikokotoo kingekuwa na kioo kipana zaidi kingeongeza nyingine. Jibu linalolingana na vipimo hivyo ni 9.79.

Na hata hiyo 9.79 ina ukarimu ndani yake. Tuseme kidole kilichelewa kidogo kubonyeza, muda wa kweli ukawa 28.5: g inashuka hadi 9.72. Ukiwa 28.3, inapanda hadi 9.86. Hiyo ni tofauti ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, muda ambao kidole cha mtu yeyote kinaweza kuupoteza bila yeye kujua. Kwa hiyo mwanafunzi akiniandikia 9.8 na kunieleza sababu hii, nampa alama zote, na moyoni namhesabu kuwa ameelewa kuliko aliyehesabu tarakimu tu. Kanuni ya "jibu lisizidi tarakimu muhimu za kipimo hafifu" (tarakimu muhimu ni zile zilizopimwa kweli) ni njia ya mkato. Ni nzuri, lakini nyuma yake kuna swali zito zaidi: kipimo chako kinaweza kuyumba kiasi gani?

Wengine huuliza kama ile 20 ya mibembeo nayo inapunguza tarakimu za jibu. Haipunguzi. Mibembeo imehesabiwa, haikupimwa. Ni 20 kamili. Vivyo hivyo ile 4 iliyomo kwenye fomula.

Sasa kuna kosa la upande wa pili, nalo ndilo linaloniumiza zaidi kwa sababu humpata mwanafunzi mwangalifu. Anaona 1.42, anaikadiria mapema iwe 1.4 ili hesabu iwe nyepesi, kisha anaendelea. Jibu linatoka 10.07. Vipimo ni vilevile, fomula ni ileile, lakini g imeruka kutoka 9.79. Hatua za katikati zibebe tarakimu zote ulizonazo, ziache ndani ya kikokotoo, ukadirie mara moja tu, mwishoni. Hata π ukiiandika 3.14 badala ya kubonyeza kitufe chake, jibu linakuwa 9.78.

Kukadiria mara mbili nako kuna hatari yake. Chukua 2.4497, uitake kwa nafasi moja ya desimali. Anayeanza kwa kuifanya 2.45 ataishia 2.5. Anayetazama tarakimu moja tu inayofuata baada ya ile anayoibakiza, yaani 4 ya pili, atapata 2.4, na huyo ndiye aliye sahihi, maana 2.4497 haijafika nusu.

Sifuri zinahitaji jicho. Kwenye 0.0045 zile za mbele zinaonyesha nafasi tu, kwa hiyo tarakimu muhimu ni mbili. Lakini sifuri ya mwisho kwenye 50.0 ni ushahidi kwamba uliangalia alama za milimita. Ukiifuta umefuta kazi uliyoifanya. Namba kama 4500 haisemi chochote kuhusu sifuri zake. Andika 4.5 × 10³ au 4.500 × 10³, msomaji ajue. Kwenye kujumlisha tunatazama nafasi za desimali: gramu 152.4 na gramu 0.37 ni gramu 152.8.

Mfano ninaoupenda ni Kilimanjaro. Vitabu vinasema mita 5,895. Mwanafunzi akiambiwa aigeuze iwe futi, kikokotoo humpa 19,340.55. Akiandika hivyo anadai kuujua urefu wa mlima hadi sehemu ya mia ya futi, ambayo ni kama milimita 3, na theluji ya kileleni peke yake inazidi hapo. Futi 19,340, kwa tarakimu nne kama za 5,895, zinatosha. Tena wapimaji waliotumia setilaiti mwaka 2008 walipata mita 5,892 hivi, kwa hiyo hata ile 5 ya mwisho tuliyoikariri tangu shule ya msingi ina mjadala.

Kwenye hisabati mambo hubadilika. Jibu likiwa √2 au 1/3, liache hivyohivyo mpaka swali liseme vingine, kwa sababu pale hakuna rula wala stopwochi iliyoyumba, na 1.41 au 0.33 ni pungufu ya ulichokijua. Na swali likiwa la wanafunzi 130 na mabasi ya abiria 60, kikokotoo kitasema 2.17, kanuni ya kukadiria itasema 2, na wanafunzi 10 watabaki kituoni. Andika mabasi 3.

Ndani ya mtihani, maelekezo ya swali yatangulie: likitaka nafasi mbili za desimali, toa mbili. Lisiposema, hesabu tarakimu muhimu za data ulizopewa, na mbele ya jibu andika umekadiria hadi tarakimu ngapi, ili msahihishaji aone kwamba uliamua mwenyewe.