Dawa ya lutesiamu: uvimbe haunisumbui kama figo

Lutesiamu-177 dotateiti ni dawa ya mionzi ya uvimbe wa nyuroendokrini (saratani ya seli zinazotoa homoni) wa utumbo na kongosho wenye vipokezi vya somatostatini, yaani mahali homoni hiyo inaposhika kwenye seli. Kwanza mgonjwa apigwe skani ya PET kwa galiamu-68, picha inayoonyesha vipokezi hivyo. Uvimbe usipong'aa pichani, dawa haina pa kushika, mimi siitoi.

Peptaidi ya dawa, kipande kidogo kama cha protini kinachofanana na somatostatini, hujishika kwenye kipokezi, seli ikaimeza pamoja na lutesiamu iliyofungwa kwenye DOTA, molekuli inayoishikilia, na mionzi ya beta ikatoka humohumo. Mwilini haivuki milimita 2 hivi. Dozi ni gigabekereli (kipimo cha mionzi) 7.4, mara 4, kila baada ya wiki 8. Oktreotidi ya kutenda muda mrefu, dawa nyingine inayofanana na somatostatini, isimamishwe wiki 4 kabla, maana inakalia vipokezi vilevile.

Sasa figo. Peptaidi huchujwa, lakini si yote inayotoka na mkojo: mirija ya figo huinyonya tena, na mionzi inabaki hapo. Kwa hiyo tunatanguliza dripu ya asidi amino mbili, laisini gramu 25 na ajinini gramu 25, dakika 30 kabla ya dawa, na inaendelea walau saa 3 baada yake. Asidi hizi hugombea njia ileile ya kunyonywa, peptaidi ikapita. Zinachefua, basi dawa ya kuzuia kutapika itangulie. Zinapandisha pia potasiamu, kwa hiyo ipimwe kabla. Naomba sana, dripu hii isifungwe eti kwa kuwa lutesiamu imeisha. Dawa bado imo kwenye damu na figo bado zinachuja.

Kwenye kichupa cha lutesiamu kuna sindano mbili. Fupi, ya sentimita 2.5, inaleta maji ya chumvi na ncha yake isiguse dawa kabisa. Ndefu, ya sentimita 9, ifike chini kwenye kitako, nayo ndiyo inayokwenda kwa mgonjwa. Maji yakiingia, shinikizo linaisukuma dawa juu. Anza na mililita 50 hadi 100 kwa saa kwa dakika 5 hadi 10, kisha 200 hadi 300. Kaa ukitazama kina cha dawa: kikipanda, mrija wa kutokea umebanwa mahali, fuata mrija mpaka kwenye mkono wa mgonjwa, uangalie kama pamevimba.

Ikiisha, pima mionzi iliyobaki kichupani, utoe kwenye kipimo cha mwanzo. Jibu hilo ndilo linaloandikwa kwenye faili, si namba ya kwenye lebo.