Eti uvimbe "ulipigwa upepo": sarkoma ya tumboni inaporudi

Juma hili, hapa Malindi, nimeyasikia tena maneno yale yale, safari hii kutoka kwa kijana aliyemleta mamake kliniki: "Daktari, tusimpasue mara ya pili, kwani pale mwanzo alipopasuliwa uvimbe ulipigwa upepo ndio ukaamka."

Upepo hauna habari na saratani. Sarkoma ni saratani ya tishu laini; liposarkoma (ya mafuta) na leiomyosarkoma (ya misuli laini), ambazo ndizo nyingi zaidi nyuma ya tumbo, hurudi kwa sababu seli zake zilibaki. Huko nyuma kuna nafasi, hivyo uvimbe hukua kimya kati ya figo, utumbo mpana na mishipa mikubwa ya damu, na mara nyingi hugunduliwa ukiwa mkubwa kama tikiti. Daktari akiutoa vipande vipande, au akiinusuru figo iliyoshikamana nao, ameacha mbegu. Ndiyo maana upasuaji wa kwanza hulenga kuutoa mzima pamoja na viungo vilivyogandana nao, na hata hivyo unaweza kurudi baada ya miaka 5 au zaidi.

Kinachoniudhi ni muda unaopotezwa na imani hiyo. Kijana alitoa picha mbili za CT, yaani eksirei za kompyuta zinazoonyesha ndani ya mwili, kutoka mfuko wa nailoni, zimenatana kwa unyevu wa bahari. Katika ile ya miezi 8 iliyopita, palikuwa na ukanda mwembamba wa mafuta kati ya uvimbe na mshipa unaolisha utumbo mwembamba. Katika hii mpya, uvimbe umeuzunguka mshipa wote, na hali hiyo kwa kawaida humfunga mikono daktari wa upasuaji. Si kwamba kungoja ni kosa daima, kwani liposarkoma inayokua polepole huweza kufuatiliwa kwa picha kila baada ya miezi michache kabla ya kuamua kupasua. Lakini huko ni kungoja kwa macho, siyo kujificha nyumbani.

Hofu ya sindano ya kuchukua kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe maabara ni ndugu ya hofu ya kisu. Sindano hiyo, ikipitishwa mgongoni ndani ya ala yake, yaani mrija unaoifunika, ni nadra sana kueneza seli, na bila hiyo hatujui tunapambana na nini. Uvimbe uitwao GIST, kwa mfano, unaoanzia katika ukuta wa mfuko wa chakula au wa utumbo, hutibiwa kwa vidonge vya imatinibu, vilivyoidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 2002. Vidonge hivyo havifai kitu kwa liposarkoma. Na anayeogopa kutolewa figo moja ajue kwamba iliyobaki, ikiwa nzima, inatosha.

Kila mgonjwa anayepasuliwa nimemsihi asitoke hospitalini bila ripoti ya upasuaji na ya maabara, kwa kuwa tusipojua nini kilikatwa na nini kiliachwa, tunaingia tumboni gizani. Kijana nimemwagiza arudi Alhamisi na ripoti ya kwanza, ambayo anasema imo chini ya godoro la mamake.