Maduro maana yake "bivu": kuipima biri nyeusi kwa ladha, si kwa rangi

Mpwa wangu hufanya kazi melini. Aliporudi Tanga kwa likizo aliniletea kijisanduku cha mbao chenye biri tano nyeusi, zinang'aa kama tende, na ubavuni pameandikwa neno moja: Maduro. Alikuwa na nyingine moja mfukoni, ya rangi ya chai ya maziwa, aliyopewa na baharia mwenzake. Hiyo aliiweka kando, akasema ni ya wanaoanza. "Hizi nyeusi ndizo kali, mjomba. Tazama rangi yake."

Sikumlaumu, maana karibu kila mtu husema hivyo, hata watu wanaozivuta kila wiki. Lakini rangi haikumwambia alichodhani imemwambia, na neno lililoandikwa kwenye sanduku halizungumzii ukali kabisa.

Tuanze na biri yenyewe. Nasema sigara nene iliyosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, haina karatasi wala kichungi. Katikati yake mna majani yaliyokunjwa kwa urefu, ambayo kwa Kihispania huitwa tripa, yaani utumbo. Utumbo huo hufungwa kwa jani imara liitwalo capote ili usifumuke. Kisha, juu kabisa, huviringishwa jani moja lililochaguliwa, lisilo na tundu wala mshipa mnene, nalo huitwa capa: joho. Unapoishika biri mkononi, unachokiona ni joho tu. Na maduro ni sifa ya joho.

Maana ya maduro ni "bivu". Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi, kwa sababu kwetu embe huiva na wali huiva, na jani hili huiva kwa njia zote mbili. Kwanza huiva shambani, juani. Halafu, likishavunwa na kuning'inizwa bandani wiki kadhaa mpaka ukijani umetoka, huiva mara ya pili ghalani, kwa joto lake lenyewe. Majani hupangwa marundo makubwa yaitwayo pilón. Kwa unyevu uliomo na uzito wa rundo, kati kati huanza kupata moto, kama nyasi mbichi zilizorundikwa zinavyofuka ukizichokoa asubuhi. Wafanyakazi huchomeka kipimajoto ndani. Joto likizidi, rundo hubomolewa na kupangwa upya: majani ya ndani huwekwa nje, ya nje huingia ndani. Amonia hutoka, ile harufu ya zizi inayotoa machozi, na uchungu mbichi hupungua. Sehemu ya nikotini huvunjika pia. Kwa joho la maduro kazi hii hurefushwa, na joto huachwa lipande kuliko linavyoachwa kwa majani ya rangi hafifu, mpaka jani liwe kahawia iliyoiva au karibu na weusi.

Si kila jani linavumilia hayo. Jembamba huchanika. Ndiyo maana majoho meusi mengi hutoka kwenye aina zenye ngozi nene na mafuta: Broadleaf ya bonde la mto Connecticut, Marekani, San Andrés ya Veracruz, Meksiko, Mata Fina ya Bahia, Brazili. Tumbaku yetu ya Tabora na Urambo ni nyingine kabisa. Ile hukaushwa kwa hewa ya moto kwenye mabani, na safari yake huishia kwenye sigara za karatasi.

Mimi biri nilifundishwa na mnunuzi mmoja wa chai aliyekuwa akija na zake kila msimu, wakati nikifanya kazi ya kuonja chai ya Usambara. Nilimwelewa upesi kwa sababu ya mchai. Mchai mmoja, jani lilelile, ukiliwahi na mvuke hupata chai ya kijani. Ukilinyausha, ukalisaga na kuliacha lichachuke, hupata chai nyeusi. Weusi ni historia ya jani baada ya kuchumwa. Nguvu ni jambo jingine.

Basi anayetaka kuipima biri atenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya kwa neno moja, "kali".

La kwanza ni nguvu, yaani nikotini. Hii hutegemea zaidi utumbo wa biri kuliko joho. Majani ya juu ya mmea, yanayopigwa na jua zaidi, huitwa ligero: ni manene, huungua taratibu, na ndiyo yenye nguvu. Ya kati huitwa seco, nayo huleta harufu. Ya chini, volado, husaidia biri ishike moto. Msokotaji akijaza seco nyingi chini ya joho jeusi, biri itakuwa pole. Akificha ligero za kutosha chini ya joho la rangi ya maziwa, itakutoa jasho. Nguvu haionjwi mdomoni. Utaijua tumboni na kichwani.

La pili ni uzito, namna moshi unavyokaa mdomoni. Aliyewahi kulamba tui la kwanza kisha tui la pili hahitaji maelezo zaidi. Nazi ni ileile, utamu unafanana, lakini moja linaupaka ulimi na jingine linapita.

La tatu ni ladha, na kwa hili tuna neno ambalo ningependa lizoeleke kwenye mazungumzo haya: kukolea. Pilau inaweza kukolea bila punje moja ya pilipili ya kuwasha. Viungo vimeingia ndani ya wali na nyama, kila kimoja unakisikia, na hakuna kinachokuunguza. Biri iliyokolea ndiyo hiyo. Inaweza kuwa imekolea sana na nguvu yake ikawa ya wastani, na maduro nyingi nzuri ziko hivyo, kwa sababu kule kuiva kwa mara ya pili kumezima makali na kuleta utamu wa kitu kilichokaangwa: kahawa, kakao, sukari iliyoungua.

Halafu kuna jambo la juu ya kukolea, nalo ni ladha kupokezana. Biri inaweza kukolea kwa ladha moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Ni nzuri, lakini imekwisha kusema yote kwenye dakika tano za kwanza. Ile inayohesabiwa kuwa ya daraja la juu hubadilika ikiwa mkononi mwako. Waonjaji huigawa theluthi tatu na kuisikiliza kila moja peke yake.

Jioni ile tulikaa kibarazani, upepo unatoka baharini. Nilimpa mpwa wangu moja ya zile nyeusi na nikamwambia asiiwashe kwanza. Ainuse. Joho lilikuwa na mishipa myembamba na mafuta kidogo yaliyobaki kwenye kidole, na harufu ya zabibu kavu. Nilimwambia alowanishe kidole na kusugua pembeni, kwa sababu wapo wanaoharakisha kazi kwa kupika majani au kuyapaka rangi, na joho la namna hiyo huacha doa zito kama wino, hata midomoni. Hili halikuacha. Tukakata ncha, akavuta bila moto: akasema anasikia chumvi kidogo.

Kuwasha ni kwa subira. Mwali usiguse jani. Zungusha ncha juu ya moto mpaka iwe nyekundu pande zote. Kisha mkupuo mmoja kwa dakika, si zaidi. Ukiharakisha, biri hupata joto kupita kiasi na kila ladha hugeuka uchungu wa mwarobaini, halafu watu huilaumu tumbaku. Moshi hauendi kifuani. Unaushika mdomoni, unautoa, na kiasi kidogo sana unakipitisha puani. Hapo ndipo siri ilipo: ulimi wenyewe unajua tamu, chachu, chumvi, chungu, na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Mdalasini, kahawa, ngozi, udongo wa mvua ya kwanza, vyote hivyo ni kazi ya pua. Kwenye meza ya chai tulikuwa tunafyonza kijiko kwa kishindo kwa sababu hiyohiyo, ili harufu ipande kabla hujatema.

Theluthi ya kwanza ilikuja na pilipili manga, imekaa kwenye mianzi ya pua. Mpwa wangu akanitazama kana kwamba ameshinda ubishi. Nikamwambia asubiri. Baada ya dakika kumi na tano hivi pilipili ilirudi nyuma, na mahali pake pakashikwa na kahawa iliyokaangwa sana, kama inayonukia dele linapofunguliwa. Nikamuuliza anasikia nini. Alikaa kimya, akavuta tena, akasema: "Kashata. Ile ya karanga, ya chini kwenye sufuria, iliyoungua kidogo." Nilifurahi mno. Hakuna orodha ya maneno ya kigeni itakayomfundisha mtu wa Tanga kuonja vizuri kuliko viungo vya Amani, kule milimani Usambara, na kashata ya jirani. Theluthi ya mwisho ilikuwa ya udongo na mdalasini, na moshi ukaongezeka uzito.

Kuhusu majivu sina mengi. Yakishikana na kutoka taratibu, biri imesokotwa vema. Rangi yake hutokana zaidi na madini ya udongo. Ninachokipima kwa makini zaidi ni ladha inayobaki baada ya moshi kutoka. Hesabu kimya kimya. Ikiwa imetoweka kabla hujafika kumi, au imebaki kama kitambaa kikavu ulimini, biri hiyo haikuiva. Ukisikia zizi puani, rundo lake lilibomolewa mapema.

Kwetu pwani adui mkubwa ni hali ya hewa. Biri hupenda unyevu wa kama asilimia 65 mpaka 70 na ubaridi wa nyuzi 18 hadi 21. Nje ya hapo huota ukungu, au mayai ya mdudu wa tumbaku huanguliwa kwa joto na joho kutobolewa vitundu kama vya sindano. Mwenye biri aziweke kwenye kisanduku kinachofunga vizuri, mbali na dirisha.

Na hili lazima lisemwe pamoja na mengine. Kutovuta kifuani hakumwokoi mtu. Moshi wa biri una tabia ya chokaa, si ya tindikali, hivyo nikotini hupenya kwenye ngozi ya mdomo. Ni kazi ileile inayofanywa na chokaa ya kwenye tambuu kwa tumbaku inayotafunwa. Biri moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku ya paketi nzima ya sigara, na kansa za kinywa, koo na mapafu zinawapata wanaovuta biri. Mimi huonja moja kwa miezi kadhaa, na sikumtia moyo mpwa wangu azoee.

Kesho yake asubuhi alinikuta nikinywa chai. Usiku ule, baada ya mimi kulala, aliiwasha ile ya rangi ya maziwa, tumbo likiwa tupu. Alifika nusu. Jasho lilimtoka, nyumba ikamzunguka, akakaa sakafuni na kunywa maji ya sukari mpaka akapata nafuu. Aliweka kipande kilichobaki mezani mbele yangu. Nilikifungua kwa kisu. Chini ya joho lile laini, katikati kabisa, mlikuwa na majani mawili manene, meusi kuliko yote, yana mafuta.

"Ligero," akasema mwenyewe.

Nikamsogezea sukari.