Seli imekufa, kimeng'enya bado kinafanya kazi

Dhana: Kiyeyushi, kama klorofomu, kikigusa bakteria, vimeng'enya vyake vyote (protini zinazoharakisha kemia ya seli) huharibika.

Ukweli: Kufa kwa seli ni jambo moja, kuharibika kwa kimeng'enya ni jingine. Matone machache ya viyeyushi kama klorofomu au toluini hushambulia mafuta ya utando unaoizunguka seli. Utando ukitoboka bakteria hufa, ila protini iliyomo inaweza kuendelea na shughuli zake kana kwamba haijasikia msiba. Chukua bakteria aina ya E. coli waliolishwa laktosi (sukari ya maziwa), tia klorofomu kidogo, tikisa, kisha ongeza ONPG, kemikali isiyo na rangi. Muda si mrefu maji yanageuka manjano: ni beta-galaktosidesi, kimeng'enya kinachokata laktosi na ONPG pia, iko kazini ndani ya maiti. Hata mwaka 1897, mkemia Mjerumani Eduard Buchner alisaga hamira kwa mchanga, akaikamua, na majimaji yake yakachachusha sukari bila seli hai. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1907.

Dhana: Seli huyeyuka yote, kama chumvi majini.

Ukweli: Jina "kiyeyushi" ndilo linaloponza watu. Toluini hutoboa tu. ONPG ni ndogo, inapenya. Beta-galaktosidesi, yenye vipande vinne na uzito unaopita daltoni 460,000, kwa sehemu kubwa hubaki ndani. Ukiitaka nje, legeza ukuta wa seli kwa lisozimu, kimeng'enya kinachokata ukuta huo, au ivunje seli kwa nguvu. Penisilini asilesi, kimeng'enya kingine cha E. coli, ni rahisi kidogo kuitoa: inakaa kati ya tando mbili, hivyo ina utando mmoja tu wa kuvuka.

Dhana: Asetoni ni asetoni, iwe baridi au ya joto la chumba.

Ukweli: Asetoni ni kiyeyushi pia. Ikiwa kwenye nyuzi -20 hivi, hunyonya maji na mafuta ya seli upesi na kuacha unga mkavu unaotunzika kwenye friza. Ikiwa ya joto la chumba, protini nyingi hukunjuka. Unga utaupata vilevile, mweupe na wa kupendeza, ila hauna kazi. (Na moto uwe mbali, mvuke wa asetoni hudaka haraka.)

Dhana: Protini nyingi kwenye majimaji ya seli zilizovunjwa ni ushahidi kwamba umefaulu.

Ukweli: Ni ushahidi kwamba seli zimefunguka, basi. Humo mna protini za kila aina, pengine na DNA inayofanya mchanganyiko uvutike kama ute. Pima kasi ya kimeng'enya chako, kisha igawanye kwa miligramu za protini yote; hapo ndipo utajua kama ulichopata ni kimeng'enya chako au ni protini tu.