Uzito wa oili: kuchagua oili ya gari la barabarani linalokimbia pia dragi

Mwenye gari la kwendea kazini ambalo mwisho wa wiki hulipeleka kwenye mbio za dragi, yaani mbio fupi za njia iliyonyooka, huambiwa neno lilelile na karibu kila anayemuuliza: weka oili nzito. Ushauri huo una kaukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba anayeutoa mara nyingi hajauliza injini imefungwaje, inachoma mafuta gani, wala oili yake inafikia joto kiasi gani.

Fundi akisema oili ni nzito, anazungumzia mnato, yaani jinsi inavyogoma kutiririka. Kopo lililoandikwa 10W-40 lina namba mbili, zote za kiwango kiitwacho J300 cha SAE, chama cha wahandisi wa magari. Ile yenye W inahusu baridi: 10W hupimwa kama injini itazungushika kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, na kama pampu itaweza kuivuta kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Namba ya pili inahusu oili ikiwa moto, kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Hapo oili ya 30 inaanzia sentistoki (kizio cha mnato) 9.3 na kuishia chini ya 12.5, ya 40 inaendelea hadi chini ya 16.3, na ya 50 hadi chini ya 21.9. Kwa hiyo 30 iliyo juu kabisa ya daraja lake na 40 iliyo chini kabisa ya lake ni karibu kitu kimoja, na kubishana kuhusu namba ya kopo bila kutazama karatasi ya vipimo ni kupoteza muda.

Kwenye karatasi hiyo tafuta kipimo kimoja ambacho wanunuzi wengi hukiruka: mnato kwenye nyuzi 150 oili ikiwa inasuguliwa kwa nguvu, hali inayokaribia ile ya ndani ya beringi. Kwa kizio cha milipaskali-sekunde, oili ya 30 inatakiwa isishuke chini ya 2.9, 10W-40 isishuke chini ya 3.5, na 15W-40 isishuke chini ya 3.7. Kwa injini iliyoongezwa nguvu, mimi naanza kusoma hapo.

Krankishafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, haikai juu ya beringi. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili, na utando huo unategemea mnato, mwendo wa injini, mzigo, na nafasi iliyoachwa kati ya chuma na chuma. Desturi ya zamani ya mafundi wa injini za mbio ni sehemu moja ya nafasi kwa kila sehemu elfu za kipenyo: shafti ya milimita 50 huachiwa kama milimita 0.05. Injini iliyofungwa kwa nafasi kubwa zaidi inahitaji oili nzito zaidi. Ukiweka 20W-50 kwenye injini ya kisasa iliyobana, oili inapita kwa shida, pampu inakula nguvu ya injini, na oili ikiwa baridi valvu ya filta inafunguka na kuipitisha bila kuchujwa.

Dragi ni mita 402, au 201 pale inapokimbiwa nusu ya njia. Gari la barabarani lenye kasi humaliza mita 402 kwa sekunde kumi na kitu. Muda huo hautoshi kuipasha oili, maana oili huchelewa kupata moto kuliko maji ya rejeta. Gari likisimama kwenye mstari wa kusubiri zamu huku injini imezimwa, geji ya maji inaweza kuonyesha joto zuri wakati oili ingali vuguvugu. Na oili vuguvugu ni nzito kuliko watu wanavyodhani: kwenye nyuzi 40, 20W-50 huwa na mnato wa kama mara saba hadi tisa ya ule wa nyuzi 100. Ndiyo maana baadhi ya wanaokimbia dragi tu, na injini zao zimebanwa, hutumia oili nyepesi sana.

Lakini gari letu linakaa pia kwenye foleni juani na kupanda milima, ambako oili inaweza kuvuka nyuzi 110. Kwa hiyo namba ya pili ichaguliwe kwa joto kubwa kabisa la barabarani, na namba ya W ndiyo ishushwe kwa ajili ya dragi. Kwa injini nyingi za matumizi haya mawili jibu huwa 5W-40 au 10W-40, isipokuwa mtengenezaji au aliyeifunga injini amesema vingine. Usitanue sana pengo la namba hizo: oili ya bei rahisi yenye pengo kubwa hutegemea polima nyingi, viungo vinavyoizuia isilegee ikipata moto, na polima hizo hukatikakatika kwa msuguano mpaka 50 ikabaki kuwa 40.

Presha ya oili ndiyo inayopotosha wengi. Kanuni ya mdomoni ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, ikipimwa oili ikiwa moto. Ila presha kubwa huonyesha tu kwamba oili imezuiwa njiani. Haisemi kwamba beringi inapata ya kutosha.

Sasa itazame geji ya presha wakati gari linachomoka. Gari likiongeza kasi kwa nguvu ya g 1, yaani sawa na mvutano wa dunia, uso wa oili ndani ya sampo, bakuli la oili chini ya injini, unainama nyuzi 45 na oili yote inakimbilia nyuma. Mdomo wa pampu ukiwa mbele, unanyonya hewa na mshale unaanguka. Wengi wakiona hivyo hukimbilia oili nzito zaidi, nayo huzidisha tatizo kwa sababu inachelewa kushuka kutoka kwenye silinda hedi. Dawa yake ni vizuizi ndani ya sampo na kiwango sahihi cha oili.

Jambo jingine ni zinki na fosforasi, viungo vinavyolinda chuma pale utando wa oili unapokatika. Injini za zamani zenye tapeti bapa (vipande vinavyosukuma valvu) huvihitaji sana, kwani ncha ya kamshafti, shafti inayofungua valvu, inakwaruza tapeti moja kwa moja. Daraja la SM la API, taasisi ya mafuta ya Marekani, lililoanza 2004, liliweka kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08 kwa oili nyepesi kama 5W-30, kwa sababu fosforasi huharibu kisafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi. Oili za mbio huwa na zaidi ya hapo, lakini nyingi zina sabuni kidogo ya kusafishia injini, hivyo ukitembea nazo miezi kadhaa uchafu unaganda ndani. Kama kamshafti yako ina tapeti za rola, huna sababu kubwa ya kuzinunua.

Mwisho, nusa kijiti cha oili baada ya mbio. Injini inayopewa mafuta mengi, hasa ethanoli au methanoli, huyavujisha kupitia ringi za pistoni na kuifanya oili kuwa nyepesi. Methanoli huigeuza hata ikawa na rangi ya maziwa. Magari ya Top Fuel, daraja la juu kabisa la dragi, humwaga oili baada ya kila mbio. La kwako halihitaji hivyo, ila ukisikia harufu kali ya mafuta, ibadilishe bila kungoja kilomita zitimie. Harufu ikiwa ndogo, safari ndefu barabarani injini ikiwa moto itachemsha sehemu ya mafuta hayo yatoke.